Upande wa Ukutani

4 Machi

Kwa mume wangu mdogo,

Salamu kutoka kwangu mimi mkeo mzee, uliyeniacha na meno machache na nyumba mpya uliyonijengea. Sijambo kiasi. Kifua kinanisumbua kidogo, lakini nakula na ninashona. Shangazi yako alikuja Jumapili, akaikagua nyumba kuanzia mlangoni mpaka jikoni kama mtu wa kodi, halafu akasema inafaa. Wewe unamjua, hiyo kwake ni sifa kubwa. Fundi Bomba amemaliza kufunga sinki, nalo linavuja kidogo kuliko la zamani. Mbuzi wa jirani bado anaamini ukuta wangu wa nje ni chakula. Amelamba udongo mpaka karibu ayafikie mabua yaliyo ndani yake, nimemtoa mbio kwa ufagio.

Simu usihangaike kupiga. Humu ndani haishiki mtandao, na nikitoka nje upepo unaninyang'anya maneno. Wewe andika tu, mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa unaandika kwa mkaa kwenye mlango wangu.

Nikusimulie nyumba. Nikifunga mlango dunia yote inazimika. Lori likipita barabarani naliona dirishani, linapita kimya kama limevaa soksi. Hata cherehani yangu haipigi kelele tena, sauti yake inatoka na kuingia ukutani hapohapo. Wiki ya kwanza nilidhani nimekuwa kiziwi, nikagonga sufuria kwa mwiko ili nihakikishe. Kimya hiki kinanitisha kidogo, sikufichi, lakini nitakizoea.

Kitanda kiko pale ulipopanga, kimegusa ukuta wa chumbani. Nalala upande wa nje kama siku zote. Upande wa ukutani ni wa Babu yako, na tangu afariki mwaka jana sijaulalia.

Sasa nikushukuru. Sikujua kwamba ulitia na joto! Ni mahali pamoja tu, usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa kitandani. Ukuta mwingine wote ni baridi kama ukuta. Mchana nikimaliza kushona najiegemeza hapo na kifua kinatulia. Umefanyaje? Na kwa nini hukutia jikoni pia?

Mimi mkeo,
Bibi

*

21 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima, ila mikono imejaa vibanzi vya mbao. Bweni tunalojenga limefika usawa wa madirisha, ukuta ni wa aina ileile ya nyumba yako. Mpishi wa hapa kambini anapika wali unaoweza kuzibia paa. Mwambie Shangazi namsalimu, na mbuzi umwambie nakuja.

Bibi, mimi sikutia joto. Hakuna fundi anayetia joto ukutani.

Nakueleza taratibu ili usidhani napiga chuku. Ukuta wako upande wa nje ni marobota ya mabua ya ngano, yamepangwa kati ya nguzo za mbao. Robota haliwezi kukatwa likakaa sawasawa na nguzo, kila linapoishia linaacha mwanya, na baridi inapita hapohapo. Ndiyo maana upande wa chumbani nilipiga ubao, na kati ya ubao na mabua nikapuliza kwa mashine karatasi zilizosagwa, zile unazoziita pamba ya magazeti, mpaka zikabana kila upenyo. Mabua na karatasi vinaelewana vizuri, lakini vyote viwili vinataka ukavu. Mabua yakilowa yanachacha. Yakichacha yanapata joto. Joto likizidi yanaweza kufuka moshi ndani kwa ndani, na watu wamelala. Hata yasipowaka yanaota ukungu, na ukungu huo unakula vifua.

Na wewe unaniambia kifua kinakusumbua.

Kila robota nililigonga, nikalinusa, nikalichoma kwa kipima unyevu kabla ya kulipandisha. Yote yalikuwa makavu. Kwa hiyo nauliza: siku ile nilipokwenda kuazima mpira mrefu wa mashine, ukuta wa chumbani ulibaki wazi kwa juu. Kuna kitu chochote kilichotumbukia? Na je, pale penye joto pananuka? Pana alama ya maji?

Tafadhali hamisha kitanda. Sina mtu mwingine zaidi yako, Bibi. Ninyi wawili ndio mlionilea, na mmoja tumeshamzika. Mkataba wa hapa unanibana, siwezi kuja kabla bweni halijaezekwa.

Mjukuu wako

*

15 Aprili

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi. Nimechelewa kuijibu kwa sababu nilikuwa na kazi ya sare za shule, na pia kwa sababu ilinichukiza. Mtu anashukuru, anajibiwa kwa moshi na ukungu.

Shangazi yako mzima. Mkwe wake amenunua pikipiki na ameshaanguka nayo, alichoumia ni heshima tu. Jirani amemfunga mbuzi, sasa analia mchana kutwa. Mimi namwona tu mdomo ukifunguka na kufungwa dirishani, sauti siisikii.

Umeuliza kama kuna kitu kilichotumbukia. Hakuna kilichotumbukia.

Umeuliza kama pananuka. Nimenusa. Ukuta unanuka ukuta.

Kitanda sihamishi. Nimejishonea kimto kidogo cha kuwekea shavu, na kila mchana najiegemeza pale palepale. Joto limeongezeka kidogo. Zamani lilikuwa la mgongo tu, sasa nalihisi mpaka begani. Wala si joto la kuunguza, usiogope, ni joto la mtu.

Kitu kimoja nikuulize wewe fundi. Nikikohoa, ukuta unanijibu. Si kila mara. Nakohoa mimi, nakaa kidogo, halafu kule ndani panakohoa taratibu, kama mtu anayejizuia asimwamshe mwenzake. Shangazi yako anasema ni mwangwi. Ni mwangwi? Sijui kwa nini nakuuliza, kwa sababu sitaki uniambie.

Na nasikia unataka kumtuma mtu aje na bisibisi. Asije.

Bibi

*

27 Aprili

Shikamoo Bibi,

Sote wazima huku. Naandika haraka, gari la posta liko getini.

Si mwangwi. Ukuta wa namna ile hauna mwangwi, unameza sauti na haurudishi. Barua yako ilipofika nilikwenda kwenye ukuta tulioumaliza hapa bwenini, nikasimama mbele yake nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Hakikurudi kitu. Wenzangu waliniona, sasa wananiita Daktari wa Kuta.

Bibi, nakuomba kwa heshima zote, nenda kwa Shangazi. Nimeshamwandikia Fundi Bomba aje na kipima unyevu. Atatoboa tundu dogo kama la msumari, atapima, ataziba. Mruhusu. Nyumba ile niliijenga uishi, nikikupoteza ndani yake sitashika msumeno tena.

Kuna kitu hunielezi. Nakujua unavyoandika ukiwa umeuma maneno.

Mjukuu wako

*

18 Mei

Mume wangu,

Salamu. Kifua kimezidi kidogo lakini bado namaliza sahani. Shangazi yako amekuja mara nyingi mno, kila mara na dawa mpya ya kikohozi, dirishani nina chupa kama duka.

Bomba alikuja mchana baada ya chakula, na kofia yake na lile kopo lake la vyuma. Nilimwacha atoboe kwa sababu alinibembeleza, na kwa sababu nilitaka kuona. Akatoboa palepale penye joto, akaingiza chuma cha kipimo, akasoma. Akasema, "Mama, pakavu kabisa, pakavu kuliko biskuti." Nikamwambia, si nilisema?

Halafu akakivuta chuma. Hakikuja. Akavuta tena, akaweka mguu kwenye kitanda changu, nikamkemea. Akavuta kwa mikono miwili, uso umemwiva. Nikamwambia, "Kiombe vizuri." Nilikuwa natania. Akasema, kwa sauti ndogo, "Naomba chuma changu." Kikaachiwa. Bomba akakaa chini kwenye sakafu na chuma mkononi, akakitazama, akaondoka bila kunywa chai. Kofia yake iko hapa. Nimemtumia watu wamwambie aje aichukue, anasema haina haraka.

Baada ya hapo nimeona nikueleze, maana utaendelea kutuma mafundi mpaka nyumba iwe chujio.

Unajua alivyokufa Babu yako, lakini hatujawahi kulizungumza. Mvua ilikuja ghafla na marobota yako yalikuwa yamepangwa uwanjani. Wewe ulikuwa umekwenda kuchagua mbao. Yeye akatoka na turubai. Nilimwambia aache, akasema yeye amelinda maghala ya watu maisha yake yote, hawezi kushindwa kulinda la mjukuu wake. Akayafunika yote. Mvua ilipokatika tulimkuta amekaa ameyaegemea, tochi yake ya kazi mkononi mchana kweupe. Mabua makavu, yeye kalowa mpaka ndani.

Koti la ulinzi alilokuwa amevaa nililishona mimi. Walipomvua walinipa likichuruzika maji. Sikuweza kulifua. Kulifua ni kumtoa, na kulianika ni kumwacha akauke aende. Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo, nikaliweka chini ya cherehani miezi yote uliyokuwa unajenga. Siku ulipofuata mpira wa mashine nililitoa kwenye plastiki, nikapanda kwenye kigoda, nikalikunja mara nne kama linavyokunjwa koti la dukani, nikalishusha ndani ya ukuta kwa kamba. Kwa hiyo sikukudanganya, halikutumbukia. Nililiweka.

Sijutii. Usiniandikie habari za moshi.

Bibi

*

30 Mei

Shikamoo Bibi,

Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya rundo la mbao. Sina hasira. Nimeogopa.

Ujumbe wa Bomba nao umenifikia, mfupi: "Kwako pakavu. Usinitume tena."

Na mimi kuna jambo sikukwambia. Siku ile niliporudi na mbao, mlikuwa mmeshamwingiza ndani. Mimi nilikwenda kwenye marobota. Lile aliloliegemea lilikuwa limebonyea. Bonde lilikuwa na mgongo na mabega yake yote mawili, lile la kushoto limeshuka kidogo kama alivyokuwa. Robota lililobonyea halitiwi ukutani, Bibi, fundi yeyote atakwambia. Linaacha uwazi, baridi inakaa humo. Linatupiwa mifugo. Niliwaza mbuzi wa jirani akilila, nikashindwa. Nikaliweka la mwisho, karibu na kitanda chako, bonde likiangalia chumbani, nikajiambia karatasi zitalijaza na hakuna atakayejua.

Umelishusha koti palepale. Hukujua, na mimi sikujua. Limekaa mbele ya mgongo wake.

Sitaki kufikiri zaidi ya hapo. Nataka kufikiri kama fundi. Koti lililolowa na kufungwa kwenye plastiki, likawekwa katikati ya mabua na karatasi, lazima lioze ukuta. Kipimo cha Bomba kiligusa sehemu moja tu. Nimeomba ruhusa, bweni wataezeka wenzangu. Shangazi atakuja kukuchukua. Mimi nitaufungua ukuta na nitalitoa.

Mjukuu wako

*

14 Juni, kwa Shangazi yako

Mume wangu mdogo,

Nimeletwa huku shingo upande. Shangazi yako aliniingiza garini kama gunia na kunifunga mkanda mwenyewe. Sikubeba kitu zaidi ya nguo na kile kimto changu. Amejaribu kukifua mara mbili, anasema kinanuka majani na mtu. Nimemwambia akikigusa tena nitaondoka kwa miguu.

Daktari wa huku ni kijana mpole. Alinisikiliza mgongo, akasema mapafu hayana ukungu wala vumbi, ni umri tu na moyo uliochoka. Shangazi yako amelia jikoni akidhani simsikii. Nyumba yake ni ya matofali, mtu akikuna kichwa sebuleni unamsikia chooni.

Nina baridi. Wamenitandikia mablanketi yote ya nyumba hii na bado nina baridi.

Utakuwa umeshafika. Fungua ukuta ukitaka, wewe ni fundi na nyumba ni kazi yako. Ila usimtoe. Nilishamtoa nyumbani mara moja, mbele ya watu wote, na nilitembea nyuma yake mpaka mwisho. Usinifanye nimtoe tena.

Bibi

*

26 Juni, nyumbani

Shikamoo Bibi,

Nimefika salama. Mbuzi hakunitambua. Mkaka wa jirani ndiye aliyekutunzia maua, yamechanua. Barua yako niliikuta imetangulia chini ya mlango, niliisoma kabla sijagusa chombo chochote. Nashukuru kwamba niliisoma.

Kwanza nilikaa siku chache bila kufanya kitu, nikitafuta alama. Hakuna maji, hakuna harufu, hakuna ukungu hata kwenye kona. Ukimya wa nyumba hii niliujenga mimi, lakini sikuwahi kukaa ndani yake peke yangu. Nikajikuta naweka vijiko chini polepole.

Jana asubuhi, jua likiwa limejaa chumbani, nilisogeza kitanda na kukata lipu ya udongo kwa mraba, halafu ubao. Sikukata pakubwa, kama dirisha la choo. Nilitegemea karatasi zinimwagikie miguuni, ndivyo zinavyofanya ukitoboa. Hazikumwagika. Zilikuwa zimesimama zimebana, kavu, na za joto. Nikazitoa kwa mkono kidogo kidogo.

Koti lipo.

Bibi, ulisema ulilikunja mara nne. Halijakunjwa. Limesimama. Mgongo wake umekaa ndani ya lile bonde la robota, umeingia sawasawa kama kisu na ala yake, na kifua kinaangalia chumbani. Ndani yake limejaa karatasi, zimeshindiliwa kifuani na tumboni mpaka limetuna. Mashine haiwezi kufanya hivyo. Karatasi zinajaza palipo wazi, haziingii kwenye nguo iliyokunjwa. Na limefungwa vifungo, vyote, mpaka cha shingoni. Wewe ulivifunga?

Mkono mmoja umenyooshwa mbele. Umepita kwenye karatasi mpaka ukagusa ubao, upande wa kitanda chako, na hapo ndipo palipokuwa na joto zaidi. Upande mwingine wa koti uko nyuma ya nguzo, sikuuona na sikuchimba. Niliweka kiganja changu kifuani. Palikuwa pakavu. Nilichoma kipima unyevu kwenye mabua, kwenye karatasi, kwenye nguzo, kote pakavu kuliko siku niliyojenga. Hakuna kinachooza, Bibi. Kama fundi sina sababu ya kulitoa, wala sina maelezo.

Nilirudisha karatasi kwa mikono, nikapigilia ubao, nikapaka udongo. Nilipokuwa nalainisha lipu nilikohoa kwa vumbi. Nilisubiri. Kisha nikatoka nje nikakaa na mbuzi mpaka jioni.

Mjukuu wako

*

5 Julai

Mume wangu,

Marahaba, na pole. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka Shangazi yako akaniuliza kama ni ya mapenzi. Nikamwambia ndiyo.

Vifungo sikuvifunga. Babu yako ndiye aliyekuwa anafunga mpaka cha shingoni, na mimi nilikuwa namfungua hicho cha juu kila alipotoka nyumbani, namwambia anafanana na kifurushi cha posta.

Sasa nikuulize jambo, na unijibu kama mtu mzima. Mkono ulionyooshwa ni upi?

Nakuuliza kwa sababu nililala naye miaka mingi. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa tochi. Hata akiwa usingizini alikuwa anaunyoosha kupapasa kama tochi ipo, akiigusa anatulia. Haukuwa na maana nyingine. Wa kushoto ulikuwa wangu. Nilipochelewa kumaliza kushona, nikaja kitandani amelala, haamki, hafumbui jicho, ananyoosha tu ule wa kushoto na kuinua shuka ili niingie. Ananipisha.

Kwa hiyo kama ni wa kulia, anapapasa tochi yake tu, na mimi nitakaa huku kwa Shangazi yako nimeze dawa, niwaone watoto wako. Kama ni wa kushoto, basi nimeitwa, na nataka kuwa nyumbani.

Usinipambie maneno. Mkono upi?

Bibi

*

23 Julai

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na kazi ya paa la jikoni, halafu kalamu iliisha, halafu mvua. Mbuzi mzima. Bomba amepita, amesimama barabarani, nimemrushia kofia yake kupitia dirishani.

Ni wa kulia. Wa kulia wa Babu, si wa kulia kwangu ninayemtazama. Nina hakika.

Kaa kwa Shangazi, unywe dawa, upone. Nitakuja kukuona mwezi ujao na tutacheka haya yote. Hapa usihofu, nalinda nyumba mimi.

Nakupenda sana Bibi. Sijawahi kukuandikia hivyo.

Mjukuu wako

*

29 Julai, kwa Shangazi yako

Mume wangu mdogo,

Salamu za Shangazi yako, anasema umekonda kwa mwandiko. Mimi sijambo. Leo nimekula.

Umeniandikia "wa kulia", na ukarudia ili nisikosee. Nilicheka mpaka kifua kikauma, halafu nililia, halafu nilicheka tena. Nikueleze kwa nini, usije ukadhani bibi yako amechanganyikiwa.

Lile koti halina mkono wa kulia. Siku niliyolishusha ukutani niliukata kwanza, begani, kwa mkasi wangu mkubwa. Nilishindwa kuachia lote. Niliuanika siku moja, nikaushona kuwa kimto, ndicho hiki ninachokilalia shavu huku nakuandikia. Wewe uliona mkono mmoja tu, mwingine ukadhani uko nyuma ya nguzo. Nyuma ya nguzo hakuna kitu. Jibu nililijua tangu nilipokuuliza, nilitaka tu kulisikia kwako.

Nilikuona bado mtoto, nilidhani huwezi kunidanganya. Umejaribu kunizuia njiani kwa neno moja, kwa sababu unanipenda, na nimelipokea hivyo. Ahsante. Sikukasirika hata kidogo. Babu yako naye hakuwa anajua kudanganya, masikio yalikuwa yanamwiva.

Sasa njoo unichukue. Mwambie Shangazi yako ni wewe uliyeamua, akugombeze wewe. Usisogeze kitanda, kiache kimegusa ukuta. Tandika shuka la maua, lile kubwa, na usilichomeke upande wa ndani, liache lining'inie ili mtu aweze kuliinua.

Nitalala upande wa ukutani.

Mkeo,
Bibi